Oili Ivujayo Penye Filta ya Injini: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Chake

Maelezo kwa wakulima wenye magari na matrekta

Mkulima mwenye gari au trekta amejipatia msaidizi mwenye nguvu, lakini msaidizi huyu hana kinywa cha kusema anapoumwa. Ng'ombe akiugua huacha kula, na mwenye ng'ombe hujua mara moja. Injini ikiugua huendelea kufanya kazi mpaka ifike siku ya kusimama kabisa, na mara nyingi siku hiyo huwa siku ya mavuno, mzigo ukiwa tayari na soko likingoja. Walakini injini haikosi kutoa dalili kabla ya kufa. Dalili mojawapo iliyo wazi ni oili inayoonekana nje ya injini, hasa mahali pale ifungwapo filta. Karatasi hii yaeleza maana ya dalili hiyo, jinsi ya kutafuta chanzo chake, na mambo yapasayo kutendwa.

Neno lililo kubwa kuliko yote ni hili: oili haitoki sikuzote pale ionekanapo. Mkulima anayemwagilia shamba kwa mfereji ajua jambo hili. Akiona ardhi imelowa chini ya mfereji, hachimbi pale palipolowa. Hupanda juu akifuata maji mpaka aone ukingo uliobomoka. Na injini ni vivyo hivyo. Mtu abadilishaye filta kwa sababu tu filta imelowa oili, afanana na mtu azibaye ardhi iliyolowa na kuuacha ukingo wazi. Fedha hutoka, oili huendelea kuvuja.

1. Kazi ya oili na filta

Oili hukaa chini ya injini ndani ya bakuli la chuma ambalo mafundi huliita sampu. Injini inapozunguka, pampu huivuta oili kutoka humo na kuisukuma kwa nguvu. Kwanza hupita katika filta ili ichujwe. Kisha huenda katika njia nyembamba zilizotobolewa ndani ya chuma, nayo hufika kwenye beringi za krankishafti na mahali pengine pote ambapo chuma huzunguka juu ya chuma. Baada ya hapo huanguka yenyewe mpaka kwenye sampu, na safari huanza tena.

Oili ina kazi tatu: huzuia chuma kisisage chuma, hupunguza joto, na hubeba takataka mpaka kwenye filta. Magari ya kwanza hayakuwa na filta, na injini zake zilichakaa upesi. Mwaka 1923 Wamarekani wawili, Ernest Sweetland na George Greenhalgh, walitoa filta ya oili waliyoiita Purolator, na tangu hapo kidogo kidogo filta ikawa sehemu ya kila gari. Kwa mkulima faida yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa njia za shamba zina vumbi jingi, na vumbi likiingia katika oili hukwangua beringi kama msasa.

Yapasa kukumbuka kwamba oili iliyo kwenye filta imo chini ya shinikizo la pampu. Katika magari mengi, injini ikiwa imepata moto na kwenda kwa mwendo wa kazi, shinikizo hilo huwa kati ya kilo 2 na kilo 4 hivi juu ya kila sentimeta moja ya mraba. Injini ikiwa baridi oili ni nzito, nalo shinikizo huzidi. Kwa hiyo uvujaji wa penye filta si sawa na uvujaji wa kifuniko cha juu cha injini. Kule juu oili haisukumwi na kitu. Hulowesha tu polepole. Penye filta, tundu dogo laweza kuitupa oili yote nje kwa muda mfupi, na dereva asijue mpaka taa nyekundu iwake.

2. Filta za namna mbili

Filta ya namna ya kwanza ni kopo la chuma lililofungwa pande zote. Hufungwa lote kwa hesi juu ya kiti chake kwenye injini, na likiisha kazi hutupwa lote. Mdomoni mwake mna mpira wa duara ambao hubana juu ya kiti.

Namna ya pili ni filta ya karatasi tupu, iwekwayo ndani ya bakuli la chuma au chini ya kifuniko cha plastiki. Karatasi hubadilishwa, bali bakuli au kifuniko hubaki. Hapa mpira wa duara, ambao mafundi huuita oringi, hukaa katika mfereji mdogo uliochongwa kwa ajili yake. Mfano ujulikanao na wakulima wengi ni trekta la Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964. Mengi ya matrekta hayo yana injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu, na yale ya zamani yana bakuli la chuma lililoshikwa na bolti moja ndefu ipitayo katikati. Magari madogo mengi ya miaka hii nayo yana karatasi chini ya kifuniko cha plastiki.

Kabla ya kutafuta chanzo cha kuvuja, jua kwanza injini yako ina filta ya namna gani.

3. Mahali ambapo oili yaweza kutokea

(a) Mpira wa filta. Hapa ndipo pa kutazamwa kwanza, hasa ikiwa uvujaji ulianza baada ya kubadilisha oili. Huenda filta haikukazwa vya kutosha, au ilikazwa kupita kiasi hata mpira ukapindika. Huenda mpira ulifungwa ukiwa mkavu ukakunjamana, au kiti hakikupanguswa na chembe ya mchanga ikabaki chini yake. Tena huenda filta si ya injini ile: hesi yake inaingia, lakini mpira wake ni mpana au mwembamba kuliko kiti.

(b) Mipira miwili. Kosa hili ni la kawaida, nalo ni la hatari. Filta ya zamani inapofunguliwa, mara nyingine mpira wake hubaki umeganda juu ya kiti. Asiyeangalia hufunga filta mpya juu yake. Mipira miwili hushika kwa siku moja au mbili, kisha ule wa juu huteleza kwa nguvu ya pampu, na oili humwagika yote. Katika trekta lenye bakuli, mpira wa zamani hukaa ndani kabisa ya mfereji wake, mweusi na mgumu, hata hufanana na chuma. Wengi huuacha humo wakidhani ni sehemu ya injini.

(c) Kopo lenyewe. Kopo laweza kutobolewa na jiwe, au kuliwa na kutu, au kuachia kwenye mshono wake. Kopo lililovimba ni dalili kwamba shinikizo limezidi kadiri, na pengine vali ya kupunguza shinikizo imekwama. Kubadilisha kopo peke yake hakutoshi. Fundi na aitazame vali.

(d) Bolti ya bakuli au kifuniko cha plastiki. Penye bolti ya katikati pana washa, nayo ikichakaa oili hudondoka kutoka kichwa cha bolti. Kifuniko cha plastiki kilichokazwa kwa nguvu nyingi hupata ufa mwembamba ambao hauonekani ila kwa kukipangusa na kukitazama kwa taa.

(e) Gasketi ya kiti cha filta. Kiti nacho katika injini nyingi ni kipande cha pekee kilichofungwa kwa bolti ubavuni mwa injini, na katikati yao pana gasketi ya mpira au ya karatasi ngumu. Kwa miaka mingi ya moto na baridi, mpira hupoteza ulaini wake, hukauka na kupasuka. Uvujaji huu huanza polepole sana, unyevu kwanza, kisha michirizi, kisha matone. Hata ukibadilisha filta mara kumi hautakoma, maana haumo katika filta.

(f) Kipoza oili. Baadhi ya injini zina kipoza oili kilichoungana na kiti cha filta, na ndani yake maji ya rejeta hupita karibu na oili. Mpira wa ndani ukiharibika, oili na maji huchanganyika. Ukiona oili kwenye kijiti imekuwa kama maziwa au kahawa ya maziwa, au ukiona mafuta yakielea katika rejeta, usiwashe injini tena mpaka fundi ameitazama. Huenda ni kipoza, huenda ni gasketi kubwa ya injini. Yote mawili ni mabaya.

(g) Swichi ya taa ya oili. Karibu na filta kwa kawaida kuna swichi ndogo yenye waya mmoja, ndiyo iwashayo taa nyekundu. Ndani yake mna ngozi nyembamba. Ikitoboka, oili hupenya katika plastiki na kutoka penye waya, kisha hushuka juu ya filta. Ukivuta kofia ya waya ukakuta oili ndani yake, umekwisha kumpata mwizi.

(h) Sehemu za juu. Kifuniko cha vali kipo juu kabisa ya injini. Gasketi yake ikichoka, oili hushuka ubavuni mwa injini mpaka kwenye filta, na upepo wa feni huirusha nyuma. Filta hushutumiwa bure.

(i) Oili iliyomwagika. Kila filta ifunguliwapo, oili kidogo humwagika. Isipopanguswa hudondoka siku kadhaa, na mwenye gari hudhani kuna tundu. Ndiyo sababu kusafisha hutangulia kila jambo.

4. Hakikisha kwanza kwamba ni oili

Injini ina vimiminika vingi, na kila kimoja kina alama zake. Oili ya injini huteleza vidoleni, nayo ni ya rangi ya asali ikiwa mpya, nyeusi ikiwa imetumika. Dizeli ni nyepesi kuliko oili na harufu yake ni kali. Usisahau kwamba injini ya dizeli ina filta mbili, moja ya oili na moja ya mafuta, na mara nyingine zimepangwa upande mmoja. Maji ya rejeta hayatelezi kama oili, na mara nyingi yametiwa rangi ya kijani au nyekundu. Chukua karatasi nyeupe, gusa tone kwayo, utazame rangi, kisha unuse. Usionje kamwe.

5. Jinsi ya kupima, hatua kwa hatua

Kazi hii yahitaji tambara safi, mafuta ya taa kidogo au sabuni, brashi, tochi, kipande kikubwa cha boksi au magazeti ya zamani, na poda kavu kama ile ya watoto. Haihitaji fundi. Yahitaji saa chache na uvumilivu.

Kwanza, weka gari mahali tambarare, uzime injini, ungoje dakika 10 ili oili ishuke. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe, ukichomoe tena. Ikiwa oili ipo chini ya alama ya chini, jaza kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Andika daftarini tarehe, kilometa au saa za kazi, na kiasi cha oili. Katika magari madogo mengi, nafasi baina ya alama mbili za kijiti ni kama lita 1.

Pili, injini ikiwa imepoa, safisha filta, kiti chake, na ubavu wote wa injini kutoka juu mpaka chini. Tumia brashi na sabuni, au tambara lenye mafuta ya taa kidogo. Usirushe maji penye alteneta wala penye mdomo wa kuvutia hewa. Kisha kausha kabisa. Ikiwa umetumia mafuta ya taa, ngoja mpaka yamekauka yote na harufu imekwisha kabla ya kuwasha injini, maana mafuta ya taa huwaka moto.

Tatu, paka poda kidogo mahali palipokauka: juu ya kiti, kuzunguka mdomo wa filta, chini ya swichi, na kwenye maungo ya juu. Poda huwa nyeusi pale oili ipitapo kwanza, nayo huonyesha njia kama vile nyayo zionekanavyo katika mchanga.

Nne, tandika boksi chini ya injini. Weka alama juu yake kuonyesha upande wa mbele wa gari, ili ujue kila tone limetoka chini ya kitu gani.

Tano, washa injini, gari likiwa nje penye hewa. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi wake huua bila ya kutoa onyo. Tazama kwa tochi tangu dakika ya kwanza, wakati oili ni baridi na shinikizo ni kubwa. Kisha iache izunguke dakika 10 au 15 mpaka ipate moto, ukitazama tena mara kwa mara. Weka mikono, mikono ya nguo, kanga na tambara mbali na feni na mkanda wake.

Sita, ikiwa hukuona kitu, fanya safari fupi kama ya kawaida, kisha tazama tena. Uvujaji wa gasketi ya kiti mara nyingine hauonekani ila baada ya siku mbili au tatu. Acha boksi chini ya gari usiku kucha, na asubuhi hesabu matone.

Saba, tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa. Tone lililo chini halikuambii neno. Unyevu ulio juu kuliko wote ndio shahidi wa kweli. Tumia kioo kidogo kutazama nyuma ya filta mahali jicho lisipofika.

Ikiwa hata hivyo chanzo hakionekani, mafundi wana rangi ya pekee itiwayo katika oili, ambayo hung'aa ikimulikwa kwa taa ya namna yake. Mwombe fundi afanye hivyo kabla hajafungua kitu.

6. Maana ya yale uliyoyaona

Ukiona oili inachuruzika kwa nguvu mara injini iwakapo, na kukoma mara izimwapo, jua kwamba inatoka mahali penye shinikizo: mpira wa filta, kopo, gasketi ya kiti, au swichi. Zima injini upesi.

Ukiona duara lote la mdomo wa filta limelowa, na kiti juu yake ni kikavu, kosa ni la mpira wa filta. Fungua, uangalie kama pana mipira miwili.

Ukiona mdomo wa filta ni mkavu, lakini ungo baina ya kiti na injini limelowa, kosa ni la gasketi ya kiti.

Ukiona kila kitu kimelowa na kifuniko cha juu nacho kimelowa, anza juu. Ukaze bolti zake kwa kadiri, au ubadilishe gasketi yake, kisha usafishe na kupima tena.

Ukiona oili inatoka katika maungo mengi kwa wakati mmoja, shuku bomba la kupumulia la injini. Likiziba kwa uchafu, pumzi ya ndani ya injini husukuma oili katika kila ungo lililo dhaifu. Kulisafisha ni kazi ndogo, nako huponya mahali pengi pamoja.

Ukiona kijiti kinaonyesha oili inapungua lakini boksi ni safi, oili haivuji bali inaungua ndani ya injini. Tazama moshi: ukiwa wa rangi ya bluu, hiyo ndiyo sababu. Shauri lake ni jingine, wala filta haimo.

7. Kufunga filta kama ipasavyo

Acha injini ipoe kiasi cha kuweza kuishika. Ikiwa yakupasa kuingia chini ya gari, usitegemee jeki peke yake. Tia magogo manene au stendi imara, na uzuie magurudumu kwa mawe. Jeki ikiteleza haitoi nafasi ya kukimbia.

Weka karai chini, fungua filta, kisha uitazame mdomo wake. Je, mpira wake umetoka nao? Kama haupo, upo juu ya kiti; utafute na kuutoa. Katika trekta lenye bakuli, ingiza kitu chenye ncha ndani ya mfereji na kuchokoa mpaka mpira wa zamani umetoka wote, lakini usikwangue chuma. Pangusa kiti kwa tambara safi, na kupitisha kidole kuzunguka pote: kidole huona mikwaruzo ambayo jicho haliioni.

Paka oili safi juu ya mpira mpya. Fungia filta kwa mkono mpaka mpira uguse kiti, kisha zungusha tena kwa mkono kadiri ya robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyoandikwa juu ya filta yenyewe. Usitumie spana kukaza kopo. Spana ni ya kufungulia. Kifuniko cha plastiki nacho kina kadiri yake ya kukazwa, mara nyingi imeandikwa juu yake.

Usipake gundi ya gasketi penye mpira wa filta. Vipande vyake hukatika, huingia katika njia za oili, na kuziba chakula cha beringi. Wala usinunue filta kwa kutazama umbo tu. Chukua namba ya injini yako dukani, na uulinganishe mpira mpya na wa zamani.

Ukimaliza, jaza oili, washa injini, na utazame taa. Yapasa kuzimika baada ya sekunde chache. Tazama pande zote za filta kwa dakika chache, zima, ngoja, pima kijiti tena. Kazi haijakwisha mpaka umeyafanya hayo.

Kubadilisha gasketi ya kiti ni kazi ya fundi, kwa sababu katika injini nyingi hapana budi kuondoa vitu vingine kwanza. Lakini sasa waweza kumwambia fundi jambo ulilolishuhudia kwa macho yako, na kumwonyesha poda iliyogeuka nyeusi. Mwenye gari ajuaye chanzo halipi gharama ya kubahatisha.

8. Wakati wa kusimama mara moja

Taa nyekundu ya oili ikiwaka wakati injini inazunguka, simama, uzime injini pale pale ulipo. Usiseme, "Nyumbani si mbali." Katika magari mengi taa hiyo haiwaki mpaka shinikizo limeshuka chini ya nusu kilo hivi, haionyi kwamba oili inapungua, bali yasema kwamba beringi zimekwisha kukosa chakula. Dakika chache tu za mwendo zaweza kuharibu krankishafti, na gharama ya krankishafti hailingani kamwe na gharama ya mpira mmoja.

Simama pia ukisikia harufu ya oili inayoungua au ukiona moshi kutoka chini ya boneti. Oili ikidondokea bomba la moshi lililo moto yaweza kuwaka, na gari lenye magunia au nyasi kavu huteketea upesi. Vilevile oili ikifika kwenye mkanda wa feni, mpira wa mkanda hulainika na kuteleza, mwisho hukatika.

Kwa unyevu mdogo ambao haudondoki, huna haja ya kuliacha gari. Safisha, pima kijiti kila asubuhi kabla ya kuwasha, andika daftarini, na upange siku ya matengenezo kabla ya msimu wa kazi. Lakini usiizoee dalili hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

9. Oili ya zamani, shamba na kisima

Oili iliyotumika ina chembe za madini na sumu zitokanazo na kuungua. Usiimwage shambani, wala mtaroni, wala karibu na kisima. Kiasi kidogo chake chaweza kuharibu maji mengi sana, na udongo uliolowa oili haupitishi maji wala hewa kwenye mizizi.

Wako watu waipakao mbwa au nguruwe mwenye ukurutu, au kidonda cha ng'ombe. Desturi hiyo na iachwe. Sumu yake hupita katika ngozi, na mnyama hujilamba akaimeza. Mpeleke kwa mganga wa mifugo akupe dawa yake. Wewe nawe nawa mikono kwa sabuni baada ya kazi, na usitie mfukoni tambara lenye oili.

Weka oili ya zamani katika kopo lenye kifuniko, uliandike wazi ili mtoto asidhani ni mafuta ya kupikia, na ulipeleke gereji au kwa wanaokusanya oili iliyotumika. Geuza filta ya zamani kichwa chini juu ya karai usiku kucha kabla ya kuiondoa, maana hubaki na oili nyingi ndani. Palipomwagika, nyunyiza majivu au pumba za mbao, acha zinywe, kisha zoa.

10. Mambo ya kukumbuka

Pima kijiti kabla ya kushutumu kitu chochote.

Safisha na kukausha kwanza. Asiyesafisha hatapata kuona.

Anza juu, shuka chini. Unyevu wa juu kabisa ndio chanzo.

Ikiwa uvujaji ulianza baada ya kubadilisha filta, tafuta mipira miwili.

Ikiwa filta ni kavu na kiti kimelowa, badilisha gasketi, si filta.

Kaza filta kwa mkono, si kwa spana.

Taa nyekundu ikiwaka, zima injini hapo hapo.

Mkulima afuataye maagizo haya atajua mapema injini yake inapoanza kuugua, ataitengeneza kwa gharama ndogo wakati kazi ni chache, na siku ya mavuno gari lake litawaka.